Covenant Eyes kwenye simu ya Mkristo: inafanya nini, inakosea wapi, na ripoti apewe nani

Programu hii inauza kitu kimoja tu: jicho la mtu mwingine kwenye skrini yako. Unalipa, unaisakinisha kwenye simu au kompyuta, unamtaja ndugu atakayepokea ripoti, na kuanzia hapo unachokitazama mtandaoni kina shahidi. Kampuni inayoitengeneza iko Owosso, jimbo la Michigan, Marekani. Ilianzishwa na Ron DeHaan mwaka 2000, na jina lake limetoka Ayubu 31:1, pale Ayubu anaposema amefanya agano na macho yake. Shabaha yake ni ponografia. Mengine yote, kuanzia kuchuja tovuti hadi mafunzo yaliyomo ndani yake, ni nyongeza.

Kwa upande wa ufundi ni programu nzuri, ingawa kwenye simu nyingi za huku inahitaji kubembelezwa. Ugumu uko kwenye matumizi. Mkristo aliyekulia kwenye "Msihukumu, msije mkahukumiwa ninyi" anaiangalia na kujiuliza kama hajanunua mashine ya kuhukumiana. Jibu linategemea zaidi nani anapokea ripoti na amepewa ruhusa ya kufanya nini nayo, kwa hiyo tathmini hii itakaa hapo kwa muda mrefu kuliko kwenye vitufe.

Kwanza inavyofanya kazi. Hapo awali ilikuwa ikiandika orodha ya tovuti ulizotembelea na kuzipanga kwa daraja la umri. Tangu 2019 njia kuu ni picha za skrini. Simu ikiwa inatumika, programu hupiga picha ya skrini kila baada ya muda mfupi, angalau moja kwa dakika, na akili bandia huikagua ikitafuta uchi. Kisha picha inapunguzwa na kutiwa ukungu kabla ya kwenda kwenye seva za kampuni, na zile zilizotiliwa shaka humfikia mpokeaji wa ripoti kupitia programu ya pili iitwayo Victory. Mpokeaji haoni maneno uliyoandika wala sura za watu. Anaona maumbo yenye ukungu, saa, na alama ya tahadhari. Siku ambayo hakuna kitu, anaambiwa hakuna kitu.

Ukungu huo ni uamuzi mzuri kuliko unavyoonekana. Mpokeaji naye ana macho. Kumtumia mtu picha kamili ya kile kilichomwangusha mwenzake ni kumweka yeye kwenye mtego uleule, na Wagalatia 6:1 imeshaonya kwamba anayemrejesha ndugu aliyeghafilika ajiangalie asije akajaribiwa yeye mwenyewe. Hapa wahandisi walifikiri vizuri.

Sasa kasoro zake kwenye simu. Nyingi zinatokana na simu yenyewe. Kwenye Android, programu inahitaji ruhusa ya Ufikivu, ile iliyokusudiwa wenye ulemavu wa macho au mikono, kwa sababu bila hiyo haiwezi kuona kinachoendelea ndani ya programu nyingine. Ukiichukua faili ya APK kwa rafiki au kwenye tovuti ya pembeni badala ya Play Store, Android 13 na kuendelea huizuia ruhusa hiyo kwa makusudi, na mtu anabaki anabonyeza kitufe kisichobonyezeka. Ichukue Play Store. Jambo la pili linawahusu wenye Tecno, Infinix na itel, yaani watu wengi wa kwetu. Simu hizi huua programu zinazofanya kazi chinichini ili kutunza chaji. Ripoti zinakatika, mpokeaji anaona pengo la saa kadhaa, na ndugu asiye na kosa anaanza kuulizwa alikuwa anaficha nini. Dawa yake ni kuingia Mipangilio, Programu, kuichagua, kisha sehemu ya Betri uondoe vikwazo vyote. Halafu ufungue Phone Master, programu ya kusimamia simu inayokuja na simu hizi, uiruhusu Covenant Eyes ijiwashe yenyewe simu inapowashwa. Fanya hivyo siku ya kwanza, mbele ya mpokeaji wako, ili naye ajue kwamba pengo kwenye ripoti mara nyingi ni habari ya betri. Na simu ikipokea toleo jipya la mfumo, rudi uhakikishe ruhusa ya Ufikivu haijazimika.

Kwenye iPhone uwezo ni mdogo zaidi, kwa kuwa Apple hairuhusu programu moja ipige picha za programu nyingine kwa uhuru ule wa Android. Mwenye iPhone asinunue akitegemea ripoti nene kama ya mwenye Samsung.

Inakosea kwa namna mbili. Ya kwanza ni kutahadharisha pasipo kosa. Mashine inayotafuta ngozi itaweza kushtuka kwa mama anayenyonyesha, kwa picha za somo la ukunga, kwa mashindano ya kuogelea, kwa ngoma ambayo wachezaji wake wamevaa nusu. Mwanafunzi wa uuguzi mwenye mtihani kesho anaweza kumpelekea mpokeaji wake ripoti ya kutisha akiwa anasoma kwa bidii. Ya pili ni kukaa kimya palipo na kosa. Programu imejengwa juu ya picha, kwa hiyo gumzo la maandishi na mke wa mtu linaweza kupita salama salimini. Simu ya pili iliyo kwenye droo ya ofisini haimo kabisa. Deni la kamari halimo. Hasira nyumbani haimo. Anayepokea ripoti safi kwa miezi sita hajapokea cheti cha utakatifu. Amepokea taarifa kuhusu aina moja ya picha kwenye kifaa kimoja.

Neno hilo liwakae kichwani wanaopenda kuitumia kama mzani wa nani afae kuongoza kwaya au kufundisha Shule ya Jumapili.

Bei nayo ni tatizo la kweli. Kwa miaka ya karibuni imekuwa takriban dola 17 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi 2,000 za Kenya au zaidi ya 40,000 za Tanzania, na kwa mwaka inapita dola 200. Akaunti moja inabeba familia, kwa hiyo baba, mama na vijana wawili hawalipi mara nne. Malipo ni kwa kadi. Kenya, kadi ya Visa ya mtandaoni ya M-Pesa GlobalPay, iliyoanza 2022, inatosha. Kwingine tumia kadi ya benki iliyofunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni, na hakikisha ina salio siku ya kukatwa. Salio likikosekana huduma inasimama, na kusimama huko kunaweza kuonekana kwa mpokeaji kama ndugu amejitoa. Programu na maelezo yake kwa sehemu kubwa ni ya Kiingereza, jambo linalomwacha nje mzee wa kanisa ambaye pengine ndiye angefaa kuliko wote kupokea ripoti.

Kwa asiye na dola 17 ipo njia ya bure inayofanya nusu ya kazi. Simu yoyote ya Android 9 na kuendelea ina sehemu ya DNS ya faragha kwenye mipangilio ya mtandao (DNS ni huduma inayoitafutia simu anwani ya kila tovuti). Ukiandika hapo family.cloudflare-dns.com, tovuti nyingi za ngono hazitafunguka, kwa Wi-Fi na kwa bando. Huduma hiyo ilitolewa na Cloudflare mwaka 2020. Haigusi picha zinazopita ndani ya WhatsApp, Telegram au mitandao ya kijamii, na kuizima ni kazi ya sekunde kumi. Tofauti yake kubwa ni kwamba inazuia lakini haimwambii mtu. Kwa watoto wadogo, Family Link ya Google, programu ya mzazi kusimamia simu ya mtoto, ni ya bure na inatosha, kwa kuwa mtoto wa miaka tisa anahitaji uzio kuliko anavyohitaji mtu wa kumwungamia.

Tuje kwenye mpokeaji wa ripoti, kifaa pekee ambacho kampuni haiwezi kukuuzia.

Mathayo 18:15-17 ina hatua tatu zenye mpangilio: nenda ukamwonye ndugu yako mkiwa wawili tu, asiposikia, chukua mtu mmoja au wawili, asiposikia hao, liambie kanisa. Ukiandikisha wapokeaji watano, wa kikundi cha maombi, mchungaji, mama mchungaji na kaka yako, umeruka hatua ya kwanza kabla ya kosa lolote kutokea. Tahadhari inapotokea, watu watano wanajua kwa pamoja na hakuna aliyemwendea ndugu faraghani. Watano wakijua, usharika unajua kabla ya ibada ya pili. Programu inakuruhusu kuongeza wapokeaji, usiongeze. Mmoja anatosha, wawili kwa ulazima.

Mmoja huyo awe na sifa gani? Awe wa jinsia yako, awe ameokoka siku nyingi kiasi cha kutoshtushwa na dhambi ya kawaida, na asiwe na mamlaka juu ya mkate wako wala cheo chako. Sifa hii ya mwisho ndiyo inayovunjwa zaidi. Mchungaji kiongozi kupokea ripoti za watendakazi wake kunaonekana ni jambo la kiroho, lakini mwinjilisti anayejua kwamba ripoti moja inaweza kumwondoa madhabahuni atanunua simu ya pili. Atafanya hivyo kwa hesabu ya kawaida kabisa ya mtu mwenye familia. Usimamizi unaogusa ajira huzaa maficho, na programu inayozaa maficho imeshindwa kazi yake hata kama ripoti zake ni nyeupe.

Mke au mume je? Wapo wanaofanya hivyo, na baadhi wanafaulu. Kwa kawaida haishauriwi kwa miezi ya mwanzo. Mke anayepokea tahadhari saa tano usiku akiwa jikoni ameumizwa na kosa lenyewe. Ni mdai, na mdai hafai kuwa daktari wa deni lake. Ajue kwamba mumewe ana mpokeaji, amjue ni nani, na awe na haki ya kumwuliza mumewe moja kwa moja. Ripoti zenyewe zipite kwa ndugu mwingine.

Na mtoto? Mike Johnson, aliyechaguliwa Spika wa Baraza la Wawakilishi la Marekani mwaka 2023, alishawahi kueleza kanisani kwamba yeye na mwanawe wa miaka 17 wanatumia programu hii na kila mmoja anapokea ripoti ya mwenzake. Maelezo hayo yalizua mjadala mkubwa huko kwao. Kwa mtazamo wa nyumba zetu, kijana kupokea ripoti ya macho ya baba yake ni kumtwika mzigo usio wa umri wake. Baba akianguka, kijana atamwonya kwa maneno gani? Mzazi apokee ya mtoto, na ya mzazi ipokewe na rika lake.

Makubaliano yaandikwe, hata kama ni nusu ukurasa kwenye daftari. Yawe na muda, tuseme miezi mitatu kisha mtathmini. Yaseme mpokeaji atafanya nini akiona tahadhari na hatafanya nini. Kifungu muhimu kuliko vyote ni cha kupiga simu kwanza: aliyeanguka ampigie mpokeaji ndani ya saa 24, na mpokeaji asubiri saa hizo kabla ya kuuliza. Yakobo 5:16 inasema tuungamane dhambi, na kuungama huanza kinywani mwa aliyekosa. Ripoti ikiwahi kuliko kinywa, ndugu anajitetea badala ya kuungama, na mazungumzo yanageuka kuwa ya mashtaka na mashahidi. Ikiwa saa 24 zimepita kimya, mpokeaji apige simu, asitume ujumbe. Aulize swali moja lililo wazi: "Ndugu, jana usiku ilikuwaje?" Asianze na mstari wa Biblia. Swali la wazi linaacha nafasi kwa jibu la uongo mweupe, kweli, lakini pia linaacha nafasi kwa jibu la "nilikuwa nasoma ukunga".

Hapo ndipo Mathayo 7 inapoingia kazini. Yesu hakumkataza mtu kumtoa ndugu yake kibanzi. Alimwamuru atoe boriti kwanza, kisha akasema ndipo ataona vema kukitoa. Kwa hiyo mpokeaji asiye na mpokeaji wake mwenyewe hafai. Si lazima awe na programu ileile, wala asipokee ripoti ya yule anayempelekea yake, maana wawili wanaoshikana mashati huishia kusameheana kimyakimya. Awe tu na mtu anayemwuliza maswali magumu kuhusu jambo linalomsumbua yeye, hata kama ni pesa au ulimi. Anayesema hana linalomsumbua, mshukuru na utafute mwingine.

Kupima tabia ya ndugu aliyekupa ruhusa ni jambo moja. Kumfuatilia asiyekupa ruhusa ni jambo jingine, na programu hii ikitumika hivyo inachafuka. Septemba 2022 jarida la Wired la Marekani liliripoti kuhusu waumini waliotakiwa na viongozi wa kanisa lao kusakinisha programu za namna hii, na muumini mmoja aliyekuwa akipokea barua pepe za maswali kutoka kwa kiongozi wake kuhusu alichokitazama. Baada ya maswali ya jarida hilo, Google iliondoa Covenant Eyes na mwenzake Accountable2You kwenye Play Store kwa namna zilivyotumia ruhusa ya Ufikivu. Covenant Eyes baadaye ilirudi. Mwaka uliofuata ikaripotiwa kwamba mahakama moja ya Indiana iliitumia kumfuatilia mtu aliyekuwa nje kwa dhamana, matumizi ambayo masharti ya kampuni yenyewe hayayaruhusu. Paulo aliuliza katika 1 Wakorintho 5:12 yanamhusu nini kuwahukumu walio nje, akawaachia Wakorintho walio ndani. Lakini hata aliye ndani alikuwa mtu aliyekosa hadharani, jambo lake likijulikana mjini. Hakuna mahali Paulo alipotuma watu wakachungulie madirishani ili wapate cha kuhukumu.

Viongozi wanaotaka kuifanya sharti la uanachama wajue pia kwamba sheria zipo. Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Uganda ina yake ya mwaka huohuo, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Ridhaa inayotolewa kwa kuogopa kutengwa Meza ya Bwana ni vigumu kuitetea kama ridhaa ya hiari. Na mpokeaji yeyote asithubutu kusambaza picha za ripoti kwenye kundi la WhatsApp la wazee, hata zikiwa na ukungu. Amevunja siri ya mtu, na akiipata kwingine picha isiyo na ukungu akaisambaza, ajue kwamba Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya 2015 inakataza kuchapisha ponografia.

Kuna watu wa tatu ambao hawatajwi sana: wale wanaoandikiana na mwenye simu. Mshauri wa ndoa, daktari, mwanasheria, mhazini wa kikundi. Skrini zao ni skrini za siri za watu wengine. Programu nyingi za benki hujikinga zisipigwe picha, ila WhatsApp ya kawaida haina kinga hiyo kwenye kila gumzo. Ukungu unasaidia, lakini picha zinatoka kwenye simu na kwenda seva ya nchi nyingine. Mwenye kazi ya aina hiyo aiweke kwenye kifaa cha nyumbani na simu ya kazi aiachie DNS ya kuzuia peke yake.

Nani anunue? Mtu mzima aliyechoka na tabia yake, anayeomba mwenyewe, mwenye rafiki wa kweli na uwezo wa kulipa kwa miezi sita mfululizo. Kijana wa chuo asiye na kadi aanze na DNS na rafiki. Atapata sehemu kubwa ya faida kwa kumpigia rafiki huyo simu kila Jumapili jioni na kujibu maswali matatu waliyokubaliana. Mzazi wa mtoto chini ya miaka 13 atumie Family Link. Mke aliyegundua jambo jana asinunue leo ili kumfunga mume. Waende kwanza kwa mtu wa tatu wanayemheshimu wote. Kanisa linalotaka kuwawekea watumishi wote kwa tamko la kikao lisinunue kabisa.

Siku ya kuiondoa, fuata utaratibu. Kwenye kompyuta inataka namba maalumu ya kuiondolea, ambayo inaombwa kupitia akaunti, na mpokeaji hupata taarifa. Kwenye simu pia kuondolewa kwake huonekana. Mwambie mpokeaji kabla, taja tarehe, ondoa kifaa kwenye akaunti, kisha sitisha malipo kwenye akaunti yenyewe. Kufuta programu kwenye simu hakusimamishi makato ya kadi.